Kwa wanaoanza kufundisha lishe ya watoto makanisani na misikitini Bukavu

Ndugu zangu mliochaguliwa na parokia, kanisa au msikiti kufundisha wazazi wa hapa Bukavu, jambo la kwanza ninalowaomba ni kwamba mahubiri yawe mafupi na mapishi yachukue muda mrefu. Mama wa Kadutu anayajua maandiko kuliko mnavyodhani. Pengine asichokijua ni kwamba bugali wa muhogo, hata ukimshibisha mtoto, una protini kidogo mno.

Andiko nalo lichaguliwe kwa uangalifu. Wengi huanza na Danieli na wenzake waliokula mboga na kunywa maji kwa siku 10, na wazazi huondoka wakiamini kwamba lengalenga (mchicha) peke yake inatosha. Danieli alikuwa kijana. Mtoto wa mwaka mmoja ana tumbo dogo na mahitaji makubwa, naye lazima apate maharagwe, soya, karanga, yai au sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, pamoja na mboga hizo. Mimi hupendelea habari za Hana, aliyebaki nyumbani mpaka Samweli alipoachishwa ziwa, na mumewe Elkana akamkubalia, kwa kuwa hapo akina baba hujiona ndani ya somo. Kwa Waislamu, aya ya 233 ya Sura ya Al-Baqara inataja miaka 2 kamili ya kunyonyesha na kumpa baba wajibu wa chakula na mavazi ya mama. Yote hayo yanapatana na ushauri wa wauguzi: maziwa ya mama peke yake, bila hata maji, kwa miezi 6, kisha chakula pamoja na ziwa hadi miaka 2 au zaidi.

Pikeni mbele ya wazazi, kwa vitu wanavyovimudu. Sambaza zilizokauka hukaangwa kidogo bila mafuta, hutwangwa pamoja na vichwa na mifupa mpaka ziwe unga laini, huchekechwa, kisha kijiko kimoja huingia katika uji wa mtoto. Soya ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, kwa sababu ikiwa mbichi huzuia mwili usiitumie protini yake. Mawese yatiwe mwishoni yakiwa bado mekundu. Yakichomwa mpaka yawe meupe, kile kinachompa mtoto vitamini A kimekwisha kuharibika. Hakikisheni pia kwamba uji ni mzito kiasi cha kukaa kijikoni, maana uji mwepesi hujaza tumbo bila kulisha, na hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine yote.

Mtoto mwenye bwaki, yaani utapiamlo mkali unaovimbisha mwili, mara nyingi huletwa kwanza kuombewa, kwani miguu iliyovimba na nywele zilizobadilika rangi hudhaniwa kuwa ni sumu au uchawi. Msibishane na bibi yake mbele ya watu. Bonyezeni kwa kidole gumba upande wa juu wa kila mguu, kati ya vidole na kifundo, kwa sekunde 3. Shimo likibaki katika miguu yote miwili, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mkanda wa kupimia unene wa mkono unaonyesha kijani, rangi ya mtoto asiye na utapiamlo. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, kipimo kilicho chini ya milimita 115 ni chekundu, nacho hakingoji ibada imalizike. Zungumzeni mapema na mchungaji, padri au imamu, ili yeye mwenyewe awatangazie waumini kwamba sala na matibabu havipingani. Neno lake hufika mahali ambapo letu halifiki. Jina la mtoto lisitajwe kamwe hadharani, kwa sababu mama aliyeaibishwa atamficha mtoto wake.

Mtoto akirudi kutoka matibabuni, tembeleeni nyumba hiyo wakati wa chakula. Angalieni kama ana sahani yake mwenyewe, maana akila sinia moja na kaka zake, wao hushiba kabla yake. Kama samaki wote wako kwenye sahani ya baba, ongeeni naye kando, kwa heshima, na mumwombe yeye mwenyewe amgawie mtoto kipande.