Kupendezesha chumba cha kupanga bila msumari

Mdogo wangu, umesema mwenye nyumba hapo Mtwara hataki misumari wala rangi, na hela ni ya mawazo. Inawezekana kabisa. Kwanza pitisha kiganja ukutani. Kikitoka cheupe, ukuta ni wa chokaa. Gundi achana nayo, maana ikishika inabandua chokaa yote. Funga kamba toka nondo za dirisha hadi ndoano ya pazia iliyopo, ubane kanga kwa vibanio vya nguo, inyooke mpaka jina lisomeke. Chini tandika mkeka wa ukindu, uuanike mara kwa mara. Unyevu wa bahari huleta ukungu. Kinyago cha mpingo ni kizito, kikae juu ya stuli. Na leo hii, kabla hujagusa chochote, piga picha kuta zote umtumie mwenye nyumba.