Maembe yaliyotoka kwenye friji na kukataa kuiva

SWALI: Ninauza matunda kibandani Kayole. Nilinunua maembe ya aina ya ngowe kwa muuzaji wa jumla, yakiwa bado magumu, nikayahifadhi katika friji ya soda ili yasiharibike kabla ya mwisho wa juma. Tangu niyatoe yamefanya vidoa vya kahawia vilivyobonyea, na hayaivi wala hayana utamu. Je, niliuziwa maembe machanga?
Msomaji, Kayole

JIBU: Huenda hayakuwa yamekomaa barabara, lakini vidoa hivyo vilivyobonyea ni alama ya tunda lililoumizwa na baridi. Embe bichi huanza kudhurika likikaa siku kadhaa chini ya nyuzi 12 au 13 hivi za Selsiasi, ilhali friji nyingi huwekwa karibu na nyuzi 4. Baridi ya kiasi hicho huharibu utando wa seli za tunda na kuvuruga vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari na kulainisha nyama yake, na pia huvuruga utengenezaji wa ethilini, gesi inayolichochea tunda kuiva. Madhara hayo kwa kawaida hujificha mpaka tunda lirudi kwenye joto, na ndiyo sababu lawama humwangukia aliyeliuza.

Ndizi hulionyesha jambo hili waziwazi. Ndizi mbichi iliyopigwa na baridi hupoteza mng'ao, na ukikwangua ganda lake kwa ukucha utaona michirizi ya kahawia chini yake. Hata ikigeuka rangi, itakuwa ya kijivujivu badala ya manjano safi. Ndizi iliyokwisha kuiva ni habari nyingine: ganda litakuwa jeusi ndani ya friji, lakini nyama yake hubaki nzuri kwa siku chache, kwa hiyo usiitupe.

Kwa hiyo acha maembe yaive kwanza, kivulini na penye hewa, au uyavumbike katika mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, ambayo hutoa ethilini kwa wingi. Yakianza kunukia na kubonyea kidogo karibu na kikonyo, ndipo uyatie friji kwa siku chache. Maparachichi nayo yafanyie hivyo hivyo. Nanasi halizidi utamu baada ya kuchumwa, basi lichague likiwa tayari limeiva.

Tena, usidhani kwamba ni friji pekee inayodhuru. Mwezi wa Julai usiku wa Nairobi unaweza kushuka hadi nyuzi 12 au chini yake, na kibanda cha mabati hakihifadhi joto. Ndizi mbichi zisilale juu ya sakafu ya saruji, bali zifunikwe kwa magunia makavu.

Maembe uliyobaki nayo usiendelee kuyasubiri. Kata sehemu zenye vidoa, na yale ambayo hayajaoza yatengenezee achari, kwa kuwa achari haihitaji embe tamu.