Niongeze risasi kiasi gani ili chambo kifike mita 40?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina boti ya mbao yenye mashine ya farasi 15, narambaza sangara, yaani navuta chambo nyuma ya boti inayotembea, Ziwa Victoria nikitokea Igombe. Kipima kina kinasoma mita 45, lakini samaki wangu wa plastiki hawazami zaidi ya mita 6. Nimefunga risasi ya kuzamishia ya nusu kilo kwenye mshipi, bado inapanda. Niongeze hadi kilo ngapi? Huu ni Januari, sijapata kitu. Msomaji, Ilemela.

JIBU: Marahaba. Usiongeze, hiyo nusu kilo yenyewe itoe. Boti ikitembea, maji huusukuma mshipi juu, na ukiwa mnene ndiyo kabisa. Halafu risasi nzito mbele ya chambo huua mchezo wake, na sangara akitikisa kichwa, uzito huohuo humsaidia kutema ndoana.

Uzito upe kamba yake. Tafuta risasi ya kilo 4 au 5, ifunge kwenye kamba nyembamba isiyovutika yenye alama kila mita 5. Tanguliza chambo, kiache mita 15 hadi 20 nyuma ya boti. Kisha zungusha mpira wa kufungia noti kwenye mshipi mara tano au sita, kitanzi chake kiingize kwenye kibanio kilicho juu ya risasi, ndipo ushushe vyote pamoja. Sangara akivamia, mpira unakatika na unapambana naye kwa mshipi mtupu. Itazame kamba: ikilala nyuzi 45, mita 20 ulizoachia zimekupa kina cha mita 14 tu.

Ikilala hivyo, ujue unakimbia mno. Kilomita 3 hadi 5 kwa saa zinatosha; pima kwa GPS ya simu. Mashine yako hata ikiwa silensa, yaani mwendo wake wa chini kabisa, inaweza kupitiliza, basi kokota ndoo iliyotobolewa matundu ikuzuie. Piga pia kona mara kwa mara. Chambo cha upande wa ndani hupunguza mwendo na kuzama, cha nje hukimbia na kupanda. Kikiliwa cha ndani mara mbili, samaki amekwambia upunguze.

Ila kosa kubwa si risasi, ni hizo mita 40. Kuanzia Oktoba hivi hadi Aprili maji ya ziwa hili hujipanga matabaka, ya joto juu, ya baridi chini, na kule chini oksijeni hupungua sana. Sangara hawezi kukaa huko. Kwa sasa rambaza kati ya mita 8 na 20, kandokando ya miamba ya visiwa panapoporomoka ghafla. Juni hadi Agosti, kusi ikishayachanganya maji, ndipo ushuke.

Meno ya sangara ni kama msasa, hayakati kwa mkupuo bali husaga, kwa hiyo mita 2 za mwisho ziwe nailoni nene. Waya wa chuma hauhitajiki. Breki ya rili ikaze ianze kuachia kwenye robo ya nguvu ya mshipi: mshipi wa kilo 20, breki kilo 5, pima kwa mizani ya kuning'iniza. Na kabla ya kushusha risasi tafuta maboya ya makira, yaani nyavu zilizotegwa. Ukizoa nyavu za watu, maelezo yako mwaloni hayatasikilizwa.

Wakiuma wa chini ya sentimita 50 mfululizo, hama. Hao hawaruhusiwi, na aliyetolewa kina kirefu bondo lake (mfuko wa hewa tumboni) huvimba, hata ukimrudisha ataelea tumbo juu.