DOS haioni CD-ROM kwenye 486

Mkuu, kama 486 yako (kompyuta ya zamani) inawaka vizuri na DOS 6.22, mfumo wake endeshi, inapanda, ila ukiandika D: ili ufungue CD inagoma, usikimbilie kununua CD-ROM (kisoma CD) nyingine. DOS haiitambui CD-ROM yenyewe kama Windows za sasa, inataka draiva mbili (programu ndogo za kuendesha kifaa). Ya kwanza weka kwenye CONFIG.SYS (faili ambalo DOS hulisoma ikiwaka):

DEVICE=C:\DOS\OAKCDROM.SYS /D:MSCD001

Ya pili kwenye AUTOEXEC.BAT (nalo husomwa DOS ikiwaka):

C:\DOS\MSCDEX.EXE /D:MSCD001 /L:D

Hilo jina MSCD001 lifanane herufi kwa herufi pande zote mbili, la sivyo hakuna kitu. MSCDEX tayari unayo. OAKCDROM.SYS haimo kwenye DOS 6.22, uinakili kutoka flopi ya kuwashia ya Windows 98.

Ila kabla ya yote fungua kasha utazame ule waya mpana umechomekwa wapi. Ukikuta umeingia kwenye kadi ya sauti ya zamani, kuwa makini, maana hapo ndipo wengi wanapotea. CD-ROM za Panasonic za mwanzoni mwa miaka ya 90 zina pini 40 kama IDE (njia ya kawaida ya kuunganisha diski enzi hizo) lakini si IDE, na draiva niliyoitaja haitaziona kamwe. Hizo zina draiva zake. Kama ni IDE kweli na inatumia waya mmoja na hard disk, angalia jampa (kijikofia cha kwenye pini) kwa nyuma: hard disk iwe MA (master), CD-ROM iwe SL (slave).

Ukijaribu, tumia CD ya kiwandani. CD-RW (ya kuandikwa na kufutwa) inarudisha mwanga kidogo mno, mashine nyingi za enzi hizo haziisomi. Ikigoma bado, tupia picha ya lebo ya juu ya hiyo CD-ROM.