Stookipa wangu aliomba siku tano akapande mtama

Wiki iliyopita msomaji wa Manyoni alinitumia ujumbe: "Shikamoo dada. Dereva na stookipa wameniacha ndani ya mwezi mmoja, na alizeti ndiyo imeanza kuingia. Niwaongezee mshahara waliobaki?" Nimeandika jibu mara tatu nikafuta. Swali lake linanirudisha kwa kijana mmoja ambaye hadi leo pikipiki yake naiona imeegeshwa kwenye ghala la pili kutoka langu, hapa Kizota, Dodoma, na kila nikiiona roho inaniuma.

Kijana huyo alikuja kwangu kama kibarua wa kupakia magunia. Nilimfundisha mwenyewe kujaza kadi ya stoki, kupima unyevu, kupanga mzigo juu ya chaga usiguse sakafu wala ukuta. Baada ya miaka mitatu hakuhitaji daftari. Ungemwamsha usiku wa manane ukamuuliza mzigo wa alizeti wa mkulima fulani wa Kibaigwa uko wapi, angekwambia: mstari wa nne, upande wa dirishani, na usiuguse kwanza, ulilowa njiani. Mimi nikajisahau. Nikawa natamba kwa wenzangu kwamba kwangu hakuna wafanyakazi, kuna familia. Aliniita Mama, nikaamini Mama haachwi.

Desemba moja mvua za kwanza zikanyesha. Akaja ofisini, kofia mkononi, akaomba siku tano aende kwao Chamwino akapande mtama wa mama yake. Nikakataa. Malori ya mbolea yalikuwa yamejipanga nje, nusu ya vijana wa kupakia walishatimkia vijijini kulima, na sheria ya kazi inamwachia mwajiri kupanga likizo ya mwaka iwe lini. Nikamwambia ataenda Februari. Akasema, "Sawa, Mama," akarudi stoo.

Mtu wa Pwani anaweza asielewe uzito wa neno hilo, Februari. Sisi wa Dodoma na Singida tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Ukikosa mwanzo wake, hakuna vuli wala masika ya kukuokoa. Kumwambia mtu akapande Februari ni kumwambia akanunue unga mwaka mzima.

Mwishoni mwa Mei akaniletea barua. Notisi ya siku 28, kama sheria inavyotaka, imeandikwa vizuri kuliko barua zangu. Hapo ndipo nilipofanya ujinga ambao sijawahi kuusimulia. Badala ya kumkalisha na mtu amfundishe kwa siku hizo 28, nilimwambia aondoke leo leo. Nikamlipa mshahara wa mwezi wa notisi na kumnyang'anya funguo mbele ya wenzake. Yaani nilimlipa mtu mwezi mzima ili asimfundishe yeyote.

Juni ilininyoosha. Tulipakia alizeti ileile iliyolowa tukaipeleka kiwandani Singida. Wakapima unyevu, wakaikataa, lori likalala huko siku mbili kwa gharama yangu. Huku nyumbani malori matatu getini, hakuna anayejua mzigo wa nani uko wapi. Nilihesabu magunia mwenyewe usiku kwa tochi ya simu, huku nikilia. Baadaye nikasikia kule alikokwenda wanamzidishia elfu thelathini. Elfu thelathini! Ningempa hamsini bila kufikiri. Lakini hakuniomba hela, aliniomba siku tano.

Sasa mdogo wangu wa Manyoni, kabla hujagusa mshahara, chukua kalenda. Piga hesabu ya watu kama unavyopiga hesabu ya magunia. Kwangu lori la tani 28 za mahindi linahitaji vijana wanane kwa saa tatu hivi; kutoka hapo najua Juni nahitaji wangapi na Desemba nitapungukiwa na wangapi, kwa sababu jembe litawaita, upende usipende. Siku hizi wenye mbolea nawaomba walete Novemba. Mvua ikianza, watu wangu wanaenda kupanda kwa makundi mawili, wiki moja moja. Walioajiriwa, siku hizo zinatoka kwenye zilezile 28 za likizo ya mwaka ambazo ni haki yao. Vibarua nawaahidi tu kwamba wakirudi nafasi zao zipo. Msimu uliopita wote kumi na wanne walirudi, na hilo nalisema kwa majivuno kabisa.

La pili, stoo ijulikane na watu wawili. Hata kama mmoja ni mwanao wa kumzaa. Wawili.

Na waajiri wenzangu, tuache hii habari ya "sisi ni familia". Wiki ya kazi kisheria haizidi saa 45, na saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Sisi tunasema mwanangu, mwanangu, halafu saa tatu usiku mwanao bado yuko stoo na malipo ya ziada huyataji. Mnadhani hawaoni? Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024, kijana anaondoka Dodoma alfajiri siku yake ya mapumziko, anafanyiwa usaili Dar, usiku amelala kwake. Wewe unaletewa barua tu. Basi ukiletewa, meza hasira, mshukuru, na umkalishe na mrithi wake kuanzia asubuhi hiyo hiyo.

Kuhusu dereva wako sijakujibu, najua. Niandikie kwanza: posho ya safari unampa kabla gari halijawashwa, au akisharudi?