Re: Filamu fupi ya mazingira, dakika 28, inafaa kushindanishwa?

Mkuu, umeuliza kama filamu yako ya dakika 28 kuhusu taka za Mto Msimbazi, Dar es Salaam, inaweza kuingia tamasha, na kama kuipiga kwa simu kutakuangusha.

Simu siyo tatizo. Sauti ndiyo itakuangusha. Pale Jangwani upepo na honi za daladala vinameza maneno yote, kwa hiyo tafuta maiki ndogo ya kubana kwenye kola.

Urefu sasa. Oscar wanahesabu filamu fupi mwisho dakika 40, majina ya mwishoni yakiwemo. Tamasha la Cannes, Ufaransa, mwisho ni dakika 15 tu. Soma masharti ya tamasha unalolilenga. Mimi ningeikata ibaki 12, maana mwandaaji akiweka ya dakika 28 amefukuza mbili za wenzako.

Na hayo mahojiano ya maofisa, punguza. Kila filamu ya mazingira ina bwana mwenye tai anayesema "jamii ielimishwe". Mtafute muokota makopo mmoja, kamera imfuate kuanzia anapochomoa chupa kwenye tope mpaka kwenye mzani wa mnunuzi, tuone kilo moja inamlipa nini. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Ukiiona bado imenasa kwenye matete, ionyeshe tu, usiweke msimulizi.

Kibali cha Bodi ya Filamu unacho? Droni nayo ina kibali chake, cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Muziki wa Bongo Fleva bila ruhusa ya mwenyewe, toa.