SMG ya Los Santos, SMG ya Polisi, na Balaa la "Aina ya"

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi na wenzangu wawili tuko Morogoro, tunatengeneza video za gemu la Grand Theft Auto V na kuzisimulia kwa Kiswahili. Tumebishana. Ndani ya gemu SMG ni kibunduki kidogo tu, lakini kwenye taarifa ya habari wakisema "bunduki aina ya SMG" naona AK-47. Gemu limekosea au sisi? Na kwenye maelezo tuandike "silaha ya moto aina ya SMG" au "bunduki aina ya SMG"? Halafu mwenzetu mmoja anataka tuseme "kushuti". Ni sawa?

JIBU: Marahaba, wanangu. Swali lenu la kwanza ni tamu. La pili limenipandisha presha.

Tuanze na utamu. Sikutaka kujibu kwa kusikia, kwa hiyo Jumapili nilimwomba mjukuu wangu wa chuo aniwashie gemu lenyewe. Akanivutia kiti, akashika pedi, akabonyeza kitufe cha L1 bila kukiachia. Mji mzima wa Los Santos, ambao kila mtu anajua ni Los Angeles iliyopewa jina la bandia, ukapunguza mwendo kama mtu mwenye usingizi, na katikati ya kioo likachomoza gurudumu: ngumi huku, bastola kule, bunduki za marisau, rashasha, bunduki za kudungulia. Kijana akalizungusha huku akinitajia. "Hii Micro SMG, babu. Hii SMG. Hii Assault Rifle."

Nikamwambia asimame hapo hapo. Hiyo ya mwisho nilikuwa naijua. Nilipokuwa JKT nilikabidhiwa dada yake, nikakimbia naye, nikalala naye, nikamsafisha kwa kitambaa na mafuta mpaka vidole vikanuka wiki nzima, na mkufunzi wetu hakuwahi kumwita kwa jina jingine ila SMG.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa hakuna aliyekosea. Kwa watu wa silaha duniani, SMG ni kifupi cha Kiingereza (submachine gun) cha rashasha ndogo inayokula risasi za bastola, mara nyingi za milimita 9. Ndivyo ilivyo Uzi, iliyopewa jina la Uziel Gal, Mwisraeli aliyeibuni, na ndivyo ilivyo MP5 ya Wajerumani. Hizo ndizo zilizoigwa mkaziona kwenye gurudumu lenu. Kalashnikov, yaani hiyo AK-47 yenu, si ya ukoo huo. Risasi yake, ya milimita 7.62 kwa 39, ni ndefu kuliko ya bastola na fupi kuliko ya bunduki kubwa za vita vya zamani. Lakini Wachina walipoanza kuunda nakala yao, ile Type 56, yaani ya mwaka 1956, waliipanga rasmi katika fungu la rashasha ndogo. Jeshi letu lilizaliwa mwaka 1964 na likapokea silaha nyingi kutoka China, na bila shaka jina lilishuka bandarini pamoja na makasha. Ndiyo maana mpaka leo kamanda wa polisi wa Tanzania anasema SMG mahali ambapo mwenzake wa Kenya anasema AK-47.

Na kichekesho ni hiki: bunduki ambayo gemu linaiita Assault Rifle umbo lake limeigwa hasa kwenye nakala hiyo hiyo ya Kichina. Kwa hiyo SMG yetu imo ndani ya gemu, ila imekaa kiti kingine, na kiti chake amekalia mgeni. Kwenye video zenu fuateni jina la gemu, na ile nyingine iiteni Kalashnikov au AK. Mzee Mikhail Kalashnikov mwenyewe alifariki Desemba 2013, miezi mitatu baada ya gemu kutoka. Sidhani kama alilicheza.

Asili ya maneno, kwa ufupi, maana najua kuna wanaosoma safu hii kwa ajili hiyo tu. "Bunduki" tumeipata kwa Waarabu, ambao bunduq kwao ni aina ya kokwa, kisha ikawa gololi ya kurushwa, kisha chombo cha kuirushia. "Risasi" ni madini yale mazito laini. Wazee walisema bati na risasi bila kumtisha mtu. "Rashasha" ni ndugu wa mvua ya rasharasha, zote mbili ni mnyunyizo. Basi, inatosha.

Sasa tuje kwenye "aina ya".

Kuna sentensi moja ambayo nimeisoma na kuisikia mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kuiimba kwa kinanda. Inakwenda hivi: "Watuhumiwa walikutwa na silaha moja ya moto aina ya bunduki aina ya SMG ikiwa na magazini moja yenye risasi kumi na nane." Mwandishi hana jina, gazeti halina jina, mwaka hauna maana. Sentensi ni ile ile, kama daladala iliyopakwa rangi upya.

Hebu tuivue kanzu baada ya kanzu. "Silaha." Sawa, ingawa panga ni silaha, upinde ni silaha, na rungu la Mmasai ni silaha. "Moja." Asante. "Ya moto." Ya moto? Hapo msomaji anaona kijinga kinachofuka. "Aina ya bunduki." Kumbe si kijinga. "Aina ya SMG." Kumbe si bunduki tu. Maneno tisa tumeyatembea, kama mtu anayezunguka nyumba nzima akitafuta mlango ambao alikuwa ameuegemea. Mlango wenyewe ni neno la mwisho. "Walikutwa na SMG yenye risasi kumi na nane." Nani Tanzania hii asiyejua SMG ni bunduki? Na kama yupo, mwandikieni "bunduki ya SMG", au "bunduki, SMG", naye atalala salama.

Neno "aina" lina kazi yake ya heshima. Linatenga mafungu. Nikikuuliza "mchele wa aina gani?" nataka kujua kama ni wa Kyela au ni ule unaogandamana kama gundi. Lakini nendeni Feri alfajiri, mashua zinapoingia. Mchuuzi ananyanyua mkia, maji yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, anaita: "Changu! Kibua! Jodari huyu, jodari!" Sijawahi kumsikia akinadi "samaki aina ya kibua". Angefanya hivyo, kibua angeoza kabla hajamaliza kutajwa. Lakini samaki huyo huyo akikamatwa kwa magendo, akaingia kwenye taarifa, anakuwa "samaki aina ya kibua". Gari likigongana linakuwa "gari aina ya Toyota". Simu ikiibwa, "simu aina ya Samsung". Yaani kitu kikiwa salama kina jina, na kikipatwa na mkosi kinakuwa aina.

Na mbaya zaidi, mara nyingi kinachofuata baada ya "aina ya" wala si aina. Ni mwenye kiwanda. "Bastola aina ya Browning", basi. John Browning alikuwa fundi wa Marekani, akafariki mwaka 1926, na kabla ya hapo alibuni bastola, bunduki za marisau, bunduki za kuwindia na rashasha kubwa za vitani. Ukiniambia "aina ya Browning" umeniambia nani alikuwa fundi, basi. Ni sawa na kusema "nimevaa shati aina ya fundi Juma". Fundi Juma anashona pia suruali na mapazia.

Hapa ndipo gemu lenu lilinifurahisha, mimi ambaye sikutegemea kufurahi. Lile la mwaka 2004, San Andreas, lilitaja waziwazi: AK-47, Desert Eagle. Hili la 2013 limefuta majina yote ya kweli. Bastola inaitwa Pistol. Shotigani ya kukokiwa kwa kuvuta inaitwa Pump Shotgun. Viwanda vilivyotajwa ni vya kubuni: Hawk & Little, na kingine Vom Feuer, maneno ya Kijerumani yenye maana ya "kutoka motoni". (Silaha ya moto! Nilicheka mpaka mjukuu akasitisha gemu.) Kwa maneno mengine, hao mabwana wa Edinburgh, maana gemu hili la Kimarekani limepikwa Uskoti, wametoa jina wakabakiza aina. Sisi jina tunalo mkononi, limejaa, halafu tunalitandikia aina mbili juu yake kama mtu anayevaa makoti mawili Dar es Salaam mwezi Januari.

Kwa hiyo katika simulizi zenu "bunduki aina ya Assault Rifle" ni aina ya aina. Mkiandika hivyo, nitajua.

Hiyo "silaha ya moto" mwenzangu mmoja huitetea kwamba Kiswahili hakina neno jingine la kujumlisha bastola, bunduki na rashasha. Kinalo. Ni "bunduki", na ukitaka kuhesabu bastola ndani yake unasema "bunduki na bastola", silabi nne zaidi, hakuna atakayekufa. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 inaitwa ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, na nijuavyo hakuna aliyeisoma akadhani inahusu marungu. "Silaha ya moto" ni Kiingereza cha "firearm" kilichovuliwa viatu kikaambiwa kitembee pekupeku. Ndani ya gemu lenu nimeona silaha moja tu ya moto kwa haki kabisa: ile Molotov, chupa ya petroli yenye kitambaa mdomoni, iliyopachikwa jina hilo na Wafini walipopigana na Warusi mwaka 1939. Hiyo iiteni silaha ya moto, nami nitasimama kushangilia. "Risasi za moto" nimeiacha ipite. Imeshaota mizizi, na angalau inatusaidia kuzitenga na risasi za mpira.

Mnajua nadhani uchafu huu ulitoka wapi? Nashuku fomu. Kituoni kuna fomu ya vielelezo yenye vijisanduku: kielelezo, aina, namba, kiasi. Askari anajaza anavyotakiwa, naye hana kosa. Kisha msemaji anaisoma fomu kwa sauti, mwandishi anaiandika kama alivyoisikia, na fomu inazaliwa upya ikiwa lugha. Tumejifunza kusema kwa vijisanduku. Siku moja mtu atamposa binti kwa kumwambia babaye "nimekuja kuomba mchumba aina ya mwanamke."

Nimelipiga vita jambo hili miaka mingi na nimeshindwa; nalijua hilo. Asubuhi naamka, nafungua redio, nalikuta limekaa sebuleni linakunywa chai. Kwa hiyo nawapa masharti mepesi, ya mtu aliyechoka. Mkiwa na kitu ambacho hadhira haikijui, jina geni kabisa, tumieni "aina ya" mara moja, mwanzoni, kisha msilirudie mpaka video iishe. "Bunduki aina ya gobore" mnaweza kumwandikia Mjerumani anayejifunza Kiswahili. Mtu wa Morogoro mwambieni "gobore". Na "aina ya" mbili katika sentensi moja, hapana. Hapo sina uzee wala uchovu.

Maneno mengine mnayo, tena mazuri kuliko mnavyodhani. Ile Pump Shotgun ni bunduki ya marisau, kwa sababu marisau ndiyo zile punje ndogo ndogo ambazo babu zetu walipigia kanga na njiwa. Kama mnaona ni ya kizee, "shotigani" haina ubaya. Bastola ni bastola, na kama mhusika wenu ni Trevor, yule kichaa wa jangwani, "mguu wa kuku" itamkaa vizuri mdomoni. Mwenye bunduki ya darubini juu ya paa ni mdunguaji, na hapa nawaomba mlipende neno hili: ni kitenzi kile kile cha watoto wanaodungua maembe kwa mawe, mmoja chini ya mti, jicho moja limefumbwa. Magazini ni magazini. Mbele kuna mtutu, nyuma kuna kitako, na vile vinavyoruka pembeni vikilia kwenye lami ni maganda.

Mjukuu wangu alitaka nijaribu kusimulia dakika moja. Nikasema: "Trevor ametoka dukani, SMG mkononi, magazini imejaa, maganda yanaanza kudondoka." Akanitazama. "Babu," akasema, "SMG ya aina gani?"

Kuhusu "kushuti", nipeni wiki moja nipoe.